Penny na Brain wanapiga kazi, sifa anabeba Gadget. Huu uonevu wa kwenye katuni hadi lini?

Wakuu, hili jambo limenikaa rohoni tangu jana usiku, leo nalitoa lote.

Jana nimeangalia Inspector Gadget na binti yangu wa miaka saba. Katuni ile ile niliyoiangalia utotoni, tumebanana watoto wa mtaa mzima sebuleni kwa jirani mwenye deki. Enzi zile nilicheka hadi mbavu zikauma. Jana sikucheka hata kidogo. Jana niliitazama kama mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi chini ya mtu, na kila dakika iliyopita hasira ilizidi kupanda.

Kwa ambaye hakuikuta: ilianza kuonyeshwa 1983. Gadget ni mpelelezi ambaye mwili mzima umejaa mitambo. Kofia inatoa panga la helikopta, mikono inarefuka, miguuni kuna springi. Ana kila kifaa, akili ya kukitumia ndiyo hana. Anayepeleleza kwa kweli ni Penny, mpwa wake, mtoto wa shule. Ana kitabu ambacho ukikiona utadhani cha darasani, kumbe ndani ni kompyuta, na kwa kitabu hicho anaingia kwenye mitambo ya genge la MAD na kuizima. Mwaka 1983 huo! Watu wazima wengi hawajawahi hata kuishika kompyuta, mtoto huyu anaiendesha akiwa amefungwa kamba kwenye kiti. Msaidizi wake ni Brain, mbwa. Wawili hawa wanawasiliana kwa saa ya Penny ya mkononi na kola ya Brain.

Sasa fuatilieni kipindi kimoja tu, chochote. Mkuu Quimby, bosi wa Gadget, anajitokeza mafichoni, anamkabidhi Gadget karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo inajilipua yenyewe. Gadget anaisoma, anaikunja, anaitupa bila kuangalia inakoangukia, na inakwenda kumlipukia Quimby yule yule. Kazi haijaanza, bosi ameshafunikwa masizi. Gadget anaondoka na furaha zake. Anakutana na majambazi, anawaona watu wema, anawaomba wamwelekeze njia. Brain anatumwa kumlinda, anavaa nguo za mhudumu, za dereva, za bibi kizee, anamvuta mjomba asiingie kwenye mtego. Gadget anamwona Brain, anasema huyu ndiye jambazi, anaanza kumfukuza na kumpiga. Mbwa aliyemwokoa maisha dakika moja iliyopita! Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau anakupiga teke mara moja ukamkwepa. Brain anapigwa leo, kesho anarudi, keshokutwa anarudi.

Wakati huo Penny yuko kwenye maficho ya MAD. Kakamatwa, kajifungua, kazima mtambo, kaita polisi. Halafu inakuja ile sehemu iliyonitoa usingizini. Polisi wamefika, wahalifu wamefungwa pingu, Quimby anatembea moja kwa moja hadi kwa Gadget na kumpongeza. Penny amesimama hatua mbili pembeni. Anatabasamu. Brain ulimi nje, anahema, bado hajamaliza kuvua nguo za kujificha. Hakuna anayewageukia.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, kwa nini hasemi?"

Nimemtazama Penny kwenye kioo, nimemtazama wa kwangu, nikakosa la kumwambia.

Tena hata adui hajui anapigwa na nani. Dr. Claw, kiongozi wa MAD, yule ambaye sura haionekani, tunaona mkono wa chuma tu na paka wake, kila mwisho wa kipindi anatoroka akimlaani Gadget na kuapa kwamba siku nyingine atampata. Vipindi vyote anapanga namna ya kummaliza mtu asiye na madhara yoyote kwake, huku anayemwangusha yuko chumba cha pili na kitabu chake. Mtoto ananyang'anywa heshima na upande wake, ananyang'anywa hata na upande wa pili.

Najua mtakuja na hoja ya utengenezaji, basi niwaondolee kazi. Msimu wa kwanza una vipindi 65. Hesabu hiyo inatoka kwenye biashara ya televisheni za Marekani: kipindi kimoja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 13. Kituo kinaweza kuvirusha kwa mpangilio wowote, kwa hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kubadilika. Gadget akijifunza jambo leo, kesho kipindi kinaharibika. Hapo nawaelewa waandishi, na sijadai Gadget awe na akili. Aendelee kutupa karatasi, aendelee kupotea njia. Ila Quimby je? Nani aliwazuia kumwandika Quimby kama bosi anayejua nani kafanya nini? Asimwambie Gadget, sawa, ampe Penny mkono tu kwa siri nyuma ya mti ule ule anakojificha. Kipindi kisingepoteza kitu. Baada ya msimu wa pili vilifika 86, na utaratibu ukabaki ule ule. Wakairudia upya 2015, wakamfanya Penny ajenti anayefunzwa kabisa, mwenye mafunzo rasmi, na bado mjomba ndiye jina kwenye bango.

Naomba niseme kwa nini limeniuma hivi. Mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa nilipo, niliandika ripoti ya robo mwaka usiku nne mfululizo, nikiwa na taa ya chaji kwa sababu umeme ulikuwa unakatika. Siku ya kikao, bosi akasimama nayo mbele ya wakurugenzi. Jalada lina jina lake. Nilikuwa nimekosea tahajia ya neno moja ukurasa wa nne, na kosa lilikuwepo vile vile kwenye nakala aliyowagawia, maana hata kuisoma hakuisoma. Wakampigia makofi. Na mimi, wakuu, nilitabasamu. Tabasamu lile lile la Penny. Nilijifunza wapi kutabasamu vile? Naamini kwa dhati kwamba sehemu nilijifunzia kwenye sebule ya jirani.

Na si Gadget peke yake. Nendeni nyuma hadi 1974, Hong Kong Phooey. Mbwa mfagizi wa kituo cha polisi anaruka kwenye kabati la mafaili ili atoke akiwa bingwa wa kung fu, anakwama humo humo, na paka Spot ndiye anayemtoa. Spot ndiye anayewaangusha wezi vipindi vyote 16. Sifa? Za mbwa. Sasa angalieni kitu kimoja ambacho sikuwahi kukiona hadi jana: Spot hasemi. Brain maneno yake hayaeleweki, ni miguno. Gromit, mbwa wa Wallace kwenye zile filamu za vikaragosi vya udongo, hana hata mdomo, amefinyangwa bila mdomo! Anayejua kazi ndiye anayenyimwa sauti, na pale alipoachiwa sauti, kama Penny, amefanywa mtoto ili asisikilizwe. Huo ni uchaguzi wa mtu aliyekaa mezani na penseli.

Gromit nampa nafasi yake, maana Nick Park, mtengenezaji wake, alimtendea haki kidogo. Kwenye filamu yao ya 1993, ile ya suruali ya mitambo, siku ya kuzaliwa ya Gromit bosi wake anampa zawadi ya kola na mkanda wa kumfungia. Kisha anampangisha pengwini mwizi chumba cha Gromit, na mbwa anaondoka nyumbani na kifurushi chake mvua ikinyesha. Lakini kwenye ile mbio ya treni ya kuchezea, Gromit yuko mbele, reli zimekwisha, anachomoa vipande kwenye boksi na kutandika njia huku treni inakimbia juu yake, kamera inamtazama yeye. Macho yetu yote yako kwake na mtengenezaji anataka iwe hivyo. Unaumia naye, unashinda naye. Kwa hiyo inawezekana!

Na sisi wenyewe tunajua namna ya kuisimulia hadithi ya aina hii, kwa sababu wazee walishaisimulia. Ngano ya Unguja ya masikini Hamdani na paa wake, iliyochapishwa 1870 pamoja na nyingine. Hamdani anachakura jaani, anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa ndiye anayeokota almasi, ndiye anayekwenda kwa sultani kuposa, ndiye anayemuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba. Hamdani anakaa tu. Paa anaugua, anaomba uji, bwana anaamuru apewe wa mtama mwekundu. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Msimulizi hakumwacha Hamdani akipongezwa: anaamka siku moja yuko jaani, anachakura vumbi kama zamani, na mkewe ameamkia kwa baba yake. Mji mzima ulimlilia paa. Watu walijua nani alikuwa nani.

Wapo watakaosema utamu wa Gadget ni kwamba mtoto anayeangalia anajua siri ambayo wakubwa hawaijui. Kweli, ndiyo maana tulicheka. Ila mtoto anayejua siri hiyo anajifunza pia kwamba kujua kunatosha na kulipwa si lazima. Wengine watasema Penny mwenyewe anamficha mjomba ili asidhalilike. Penny aliandikwa hivyo. Mtoto hana wajibu wa kulinda heshima ya mtu mzima anayempiga mbwa wake.

Nataka kipindi kimoja. Vipo 86, siombi vyote. Pingu zimefungwa, Gadget anaongea na nguzo akidhani ni askari, na Quimby mwenye masizi usoni anampita, anachuchumaa mbele ya yule mtoto, anamwambia asante kwa jina lake, na mbwa anapewa maji ya kunywa.