Mrejesho: mgomba-mwitu mwekundu usiotoa machipukizi (Nakuru)

Asanteni sana. Niliuliza mbona ensete ya mapambo, yaani huyu mgomba-mwitu wenye majani mekundu, haitoi machipukizi kama migomba ya ndizi. Ni kweli mlivyosema: huchanua mara moja, hutoa mbegu, hufa. Lazima ilazimishwe kuchipua, kama wafanyavyo wakulima wa kusini mwa Ethiopia.

Shina nimelikata sentimita 15 hivi juu ya ardhi, nikachimbua tunguu zima (kile kitako kinene kilicho chini ya ardhi) na kupunguza mizizi. Kisha nikachokoa moyo, ule mviringo mweupe laini wa katikati, mpaka pakabaki shimo. Hapa ndipo wengi hukosea: ukibaki hata ukucha wa moyo, jani jipya huchomoza katikati na pembeni hapachipui kitu. Tunguu likakaa kivulini siku 2 jeraha likauke, shimo likajazwa samadi iliyooza na mchanga, likafukiwa kwenye udongo tifutifu. Maji kidogo tu! Yakituama, linaoza, harufu itakuambia.

Sasa ukingo mzima umezungukwa na machipukizi, majani bado yamejikunja kama sigara. Nitayatenganisha yakishakuwa na mizizi yake. Mbegu nimeachana nazo: ganda gumu, miezi kuota.