Kikundi: Harusi ya Salimu (Wajukuu wa Bi Mwanakombo)

Alhamisi

Shangazi Zuhura, 12:41 jioni: Assalam alaykum. Jumamosi ndiyo safari ya mahari Korogwe. Noah nimeshailipia nusu. Humu tupo 23, waliochanga wanne. Tiki za bluu naziona, mnasoma.

Baba Mdogo Hamisi, 12:44: Waalaykum salaam dada. Mimi nachanga tumbo. Nitakula kwa niaba ya wasiokwenda.

Shangazi Zuhura, 12:45: Hamisi, leo sina hamu ya utani.

Shangazi Zuhura, 12:52: Kuna jambo nimelilalia siku tatu. Rukia alipimwa, ana homa ya ini, ile B. Ninavyoona mimi, Jumamosi tusimamishe kwanza, mpaka apone ndipo tupeleke mahari.

Salimu, 12:53: *Ujumbe huu umefutwa*

Salimu, 12:58: Shikamoo shangazi. Hilo nilikwambia wewe peke yako, barazani kwako. Ukaniambia halitoki hapo.

Shangazi Zuhura, 1:01 usiku: Marahaba. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wakwe, Salimu. Baba yako angekuwepo ningemwachia yeye. Likija kuharibika mtasema Zuhura alijua akanyamaza.

Baba Mdogo Hamisi, 1:03: Kwani homa ya ini si ndiyo ile ya macho ya njano? Basi hata embe dodo nazo zipimwe 😂

Mwanaidi, 1:04: Baba mdogo, tafadhali.

Shangazi Zuhura, 1:06: Aisha uko wapi? Wewe ndiye muuguzi. Waambie hawa.

Shangazi Zuhura, 1:30: Aisha.

Shangazi Zuhura, 1:47: Aisha mwanangu.

Aisha, 2:20: Shikamooni. Nilikuwa zamu. Kwanza, habari ya Rukia alipaswa aitoe Rukia mwenyewe. Lakini imeshatoka, basi tuiseme sawasawa.

Aisha, 2:24: Shangazi, "mpaka apone" haipo. Ikishazidi miezi sita inaitwa sugu, na dawa zilizopo mara nyingi zinakituliza kirusi, hazikimalizi. Anayeishi nayo anakwenda kliniki, anapima damu na altrasaundi ya ini, akihitaji dawa anapewa. Wengi wanaishi, wanafanya kazi, wanazaa. Ukisema asubiri kupona umemwambia asiolewe.

Shangazi Zuhura, 2:26: Na Salimu je? Si ataambukizwa?

Salimu, 2:27: Nilipima siku moja naye. Sina. Nimeshachoma sindano mbili.

Aisha, 2:31: Zipo tatu. Ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Yake ya tatu ni Januari, halafu baada ya mwezi au miwili anapima kuona kama kinga imeingia. Mpaka hapo watumie kondomu.

Shangazi Zuhura, 2:32: Weeee! Kondomu kwenye kikundi cha ukoo! Bibi yumo humu!

Baba Mdogo Hamisi, 2:33: Bibi kazaa saba, unadhani alisomea kwa posta? 😂😂

Shangazi Zuhura, 2:34: Hamisi nitakutoa.

Aisha, 2:38: Naendelea. Inapita kwenye damu na tendo la ndoa, na mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Haipiti kwenye sahani, kikombe, mkono wala kukumbatiana. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha ndivyo vya kutenganisha, maana kirusi hukaa nje ya mwili siku saba na zaidi.

Shangazi Zuhura, 2:40: Na watoto? Mimi nataka wajukuu wazima.

Aisha, 2:46: Hapo ndipo pa kujipanga. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kati ya kumi, tisa inakuwa sugu. Mtu mzima ni wachache sana. Kwa hiyo Rukia akishika mimba aseme kliniki mapema. Watapima wingi wa virusi, vikiwa vingi atakunywa tenofovir kabla ya kujifungua. Mtoto achomwe chanjo ndani ya saa 24, na sindano ya kingamwili ikipatikana. Zile za wiki ya 6, 10 na 14 zinafuata, lakini kusubiri wiki ya sita ni kuchelewa. Na atanyonyesha kama kawaida.

Aisha, 2:48: Na tenofovir imo pia kwenye dawa za VVU. Mtu akiona kopo kabatini kwa Rukia asianze kutangaza mtaani. Nimeona ndoa ikivunjika kwa kopo.

Mwanaidi, 2:59: Mimi nimesoma yote. Nina swali moja. Baba yangu alikufa na nini?

Mwanaidi, 3:05: Alivimba tumbo, akakonda mikono, macho njano. Mlisema mama kamroga. Mkamrudisha kwao Pangani na begi moja, eda hajaimaliza. Mimi nilikuwa darasa la tano.

Shangazi Zuhura, 3:07: Mwanaidi, hayo yalishazungumzwa.

Mwanaidi, 3:07: Hayajazungumzwa.

Aisha, 3:15: Da Mwanaidi, hakupimwa, siwezi kusema ilikuwa nini. Dalili zile ni za ini. Ila niulize: sisi humu nani amepima? Chanjo hii iliingia kwa watoto nchini mwaka 2002. Tuliozaliwa kabla hatukuipata utotoni. Baba mkubwa alikuwa na ndugu sita tumbo moja. Tunamhesabia Rukia, sisi hatujijui.

Shangazi Zuhura, 3:31: Hamisi mbona kimya?

Baba Mdogo Hamisi, 3:40: Wembe wa kaka Athumani ndio nilionyolea mimi. Miaka yote ile.

Tatu, 4:02: Shikamooni. Bibi kaniambia nimsomee yote, nimemsomea. Kasema niandike kama anavyosema, nisiongeze:

"Sahani ya Athumani niliitenga mimi. Ile ya maua ya buluu yenye ufa. Nikaiweka juu ya kabati peke yake, naye alikuwa anaiona. Mwanangu alikula peke yake miezi minne nikiwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Mama Mwanaidi hakumroga mtu. Sitatenga sahani ya pili. Jumamosi mtakwenda."

Mwanaidi, 4:03: Bibi 😭

Shangazi Zuhura, 4:41: Nimesikia mama.

Shangazi Zuhura, 4:44: Basi Jumamosi tunaondoka saa 12 asubuhi, msikitini. Ila mimi bado nasema ndoa isiwe Desemba, ingoje sindano ya tatu.

Salimu, 4:46: Shangazi, tarehe tumeshawapa watu.

Shangazi Zuhura, 4:46: Tutaongea.

Aisha, 4:50: Jumatatu niko zamu ya asubuhi. Anayetaka kupima aje, nitampeleka maabara mwenyewe.

Baba Mdogo Hamisi, 4:51: Nitakuja.

Mwanaidi, 4:52: Na mimi.

Ijumaa

Mama Salimu, 11:20 alfajiri: Nimeyaona sasa. Salimu, mwambie Rukia kanga zake doti mbili ziko kwangu, nimeshazikunja. Namba yake nitumie, nimpigie mimi kabla hajasikia kwa watu.

Kaka Bakari, 3:15 asubuhi: Salaam. Jumbe 60? Kuna nini? Noah bado ina nafasi?

Shangazi Zuhura, 3:16: Lipa kwanza.