Tupeane uzoefu: skripti ya picha inayokata roho ukiiongezea thredi

Wakuu, habari za jioni. Msimu wa watalii umeshika kasi hapa Arusha. Wapiga picha wanashuka kutoka Serengeti na Ngorongoro kadi zimejaa, na kila mmoja anataka picha zipunguzwe na kupigwa nembo kufikia kesho asubuhi. Ndipo tunapokimbilia thredi nyingi, yaani programu moja kushughulikia picha kadhaa kwa pamoja. Ukijaribu na picha chache, safi kabisa. Ukiipa folda zima, programu inazima. Tuambiane yaliyotukuta na tulivyotoka. Naanza.

Mimi yangu ilikuwa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Skripti (programu fupi) ya Python niliyoikuta ofisini, kwenye Linux, inakwenda weee, halafu skrini inaandika Killed, basi. Hakuna ujumbe wa kosa wala namba ya mstari. Nilipoangalia dmesg (amri inayoonyesha taarifa za mfumo) ndipo nikaona kernel, yaani kiini cha Linux, yenyewe imeiua, kumbukumbu imekwisha. Msidanganywe na ukubwa wa faili la JPEG diskini, hapo picha imebanwa. Picha ya megapikseli 24 ikishafunguliwa inakula baiti 3 kwa kila pikseli, sawa na MB 72. Thredi 8 ni MB 576, bado nakala za kati. Na ile skripti ilikuwa inarundika picha zote kwenye orodha hadi kazi iishe! Sasa kila thredi inahifadhi picha diskini na kurudisha jina la faili tu. Thredi nimeshusha hadi 4, na kazi haijachelewa sana.

Mdau wa Njiro: Kwangu RAM ilikuwepo tele. Tatizo lilikuwa nembo. Inafunguliwa mara moja juu, thredi zote zinaitumia. Pillow (maktaba ya picha ya Python) ukiita Image.open haisomi pikseli hapo hapo, inasubiri hadi zihitajike. Thredi mbili zikizihitaji pamoja zinagombania faili moja, leo inapita, kesho inakufa. Dawa ni kuita load(), ile inayosoma pikseli zote, kabla ya kuanzisha thredi, kisha kila thredi ipewe nakala yake.

Mdau wa Moshi: Wa lugha ya C# mpo? Ukigusa Bitmap moja (picha iliyofunguliwa) kwa thredi mbili, GDI+, sehemu ya Windows inayochora picha, inakurushia kosa kwamba kitu kinatumika kwingine. Kuweka lock (kufuli la kuziruhusu moja moja) kunatibu, ila thredi zinapanga foleni, faida yote inapotea. Heri kila thredi ifungue ya kwake na kuifunga.

Mama Picha, Sakina: Jamani, angalieni na majina ya faili. Kamera mbili za Nikon, zote zina DSC_0001. Ukizimwaga folda moja, thredi mbili zinaandika faili moja kwa wakati mmoja: nusu tembo, nusu mlima. Mteja ndiye aliyeiona. Siku hizi jina linatanguliwa na namba ya kadi.

Mdau wa Njiro: Mama, hiyo ya tembo ungeitunza! Na yeyote ambaye bado amekwama, hebu endesha kwa thredi 1 folda lile lile. Ikifa pale pale kwenye picha ile ile, basi thredi hazihusiki, huenda una JPEG iliyokatika, yaani faili lisilokamilika.