All Eyez on Me: nakala milioni 10 au milioni 5? (Mjadala)

Mleta mada

Wakuu, kila Septemba ikifika ubishi wa 2Pac, rapa wa Marekani, unarudi, na hakosi mtu wa kuweka takwimu moja mezani: albamu yake All Eyez on Me imeuza milioni 10 Marekani, kwa hiyo tusibishane. Hoja yangu ni kwamba hizo milioni 10 ni diski, si watu waliotoa pesa mfukoni. Ukiitumia takwimu hiyo kupima albamu moja dhidi ya nyingine, unapotosha.

Vyeti vya mauzo Marekani hutolewa na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki. Dhahabu ni 500,000, platinamu ni 1,000,000, almasi ni 10,000,000. Sasa, albamu ikiwa na diski mbili na urefu wake ukazidi dakika 100, kila diski inahesabiwa peke yake. All Eyez on Me ilitoka tarehe 13 Februari 1996 ikiwa na nyimbo 27 kwenye CD mbili, zaidi ya saa mbili za muziki. Ukinunua seti moja, RIAA inaandika mbili. Almasi iliyotolewa Julai 2014 maana yake ni seti milioni 5.

Billboard, jarida la chati za muziki Marekani, hawahesabu hivyo. Wiki ya kwanza albamu iliingia namba 1 kwa mauzo ya takriban 566,000, na hizo ni seti zilizopita kwenye mashine za kulipia madukani. Seti hizohizo kwa kipimo cha RIAA ni 1,132,000.

Greatest Hits ya Novemba 1998 nayo ni diski mbili, nyimbo 25, na ilipata almasi 2011. Kwa hiyo almasi zote mbili za 2Pac zimetokana na kanuni hii. Naomba tujadili: tuendelee kuandika milioni 10, au tugawe kwa mbili?

Bintimvita

Ndugu yangu, kanuni haikufichwa na wala haikutungwa kwa ajili ya 2Pac. Life After Death ya Notorious B.I.G. (1997) ina nyimbo 24 kwenye diski mbili na imevuka dakika 100, ikahesabiwa vivyo hivyo. Speakerboxxx/The Love Below ya OutKast (2003) pia. Ukienda nje ya rap, The Wall ya Pink Floyd ina dakika kama 81 tu, lakini kwa kuwa ni ya enzi za santuri mbili ilisamehewa hata hilo sharti la dakika, na cheti chake cha 1999 ni platinamu mara 23. Mbona huyo hagawanywi kila akitajwa?

Tena sharti la dakika 100 lina kazi yake. Bila hilo lebo (kampuni inayotoa albamu) ingechukua dakika 60 za muziki, ikazikata vipande viwili na kudai mauzo maradufu. All Eyez on Me haikufanya hivyo, ule ni muziki wa albamu mbili kamili, na mnunuzi alilipa bei ya diski mbili, si ya moja. Msanii aliyeandika na kurekodi nyimbo 27 ana haki ya kuhesabiwa kazi ya nyimbo 27. Ukigawa, unamwadhibu kwa kutoa kingi.

Ukitaka kugawa, gawa kwa wote. Ukifanya hivyo, katika rap almasi za diski moja zinabaki kwa akina MC Hammer (Please Hammer Don't Hurt 'Em), Eminem, Nelly na Beastie Boys. Sidhani kama hiyo ndiyo historia ya hip hop tunayoitaka.

Santuri

Kabla ya kuamua nani yuko sahihi, tujue namna ya kusoma cheti, maana naona watu wanachanganya vitu vitatu.

Anza na tarehe. RIAA haitoi cheti yenyewe. Lebo ndiyo inayoomba, inalipia ukaguzi wa hesabu, kisha cheti kinatoka. Tarehe ya cheti ni tarehe ya karatasi, si ya mauzo. All Eyez on Me ilifika platinamu mara 9 mwaka 1998, halafu kimya hadi 2014. Katikati hapo Death Row, lebo iliyoitoa, iliomba ulinzi wa kufilisika 2006 na mali zake zikauzwa 2009. Kwa hiyo usichore grafu ukisema albamu ilichukua miaka 16 kuuza hiyo platinamu ya kumi.

Pili, angalia kinachohesabiwa. RIAA inahesabu nakala zilizotoka kwa lebo kwenda sokoni, ukitoa zilizorudishwa. SoundScan, mfumo ambao Billboard ilianza kuutumia Mei 1991, unasoma alama za bidhaa pale mteja anapolipia. Nakala zilizouzwa kupitia vilabu vya kuagiza kwa posta, ambavyo miaka ya 1990 vilikuwa na wanachama wengi sana, hazikupita huko. Ndiyo maana takwimu mbili za albamu moja hazifanani hata baada ya kurekebisha suala la diski mbili. Anayegawa kumi kwa mbili na kudai "ndiyo mauzo halisi ya madukani" bado hajafika.

Tatu, strimu, yaani kusikiliza wimbo mtandaoni. RIAA iliziingiza kwenye vyeti vya albamu Februari 2016: strimu 1,500 ni sawa na albamu moja, na nyimbo 10 zilizonunuliwa moja moja ni albamu moja. Almasi ya 2014 ilitangulia kanuni hiyo. Hapa nataka watu wa takwimu wasikilize vizuri: ukilinganisha almasi ya 2Pac na cheti cha rapa yeyote kilichotoka baada ya 2016, upande mmoja hauna strimu hata moja. Hilo ni kosa kubwa kuliko la diski mbili, na halitajwi.

Mleta mada

Mkuu Santuri, asante, na umenipa njia ya kuonyesha kwa nini suala la diski bado lina uzito. Chukua vyeti vya karibu mwaka mmoja, vyote kabla ya strimu. All Eyez on Me 1998: mara 9. The Don Killuminati: The 7 Day Theory, ile ya 2Pac kwa jina la Makaveli, 1999: mara 4. Msomaji wa kawaida anaona ya kwanza imeizidi ya pili zaidi ya mara mbili. Sasa Makaveli ni diski moja yenye nyimbo 12. Kwa seti ni milioni 4.5 dhidi ya milioni 4. Zinakaribiana kabisa! Na wiki ya kwanza Makaveli ndiyo iliyoongoza, takriban 664,000 dhidi ya 566,000.

Bintimvita, msanii ni yuleyule, hakuna anayeadhibiwa hapa. Kanuni imeficha ukubwa wa albamu yake mwenyewe.

Mzee wa Kanda

Hapo kwa Makaveli ndipo penye ubishi wa kweli. 2Pac alipigwa risasi Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996 na kufariki tarehe 13. Albamu ilitoka tarehe 5 Novemba, hata miezi miwili haijatimia. Zile 664,000 zina majonzi ndani yake na huwezi kuzitenganisha. Jirani yake ni Life After Death: Biggie (Notorious B.I.G.) aliuawa tarehe 9 Machi 1997, albamu ikatoka tarehe 25 mwezi huohuo, na wiki iliyofuata ikauza karibu 690,000. (Hiyo ilionekana kwanza namba 176 kwa sababu baadhi ya maduka yaliiuza kabla ya siku yake, halafu ikaruka hadi namba 1. Ukiona chati inasema 176, usidhani ilianza vibaya.)

2Pac ana albamu tano zilizofika namba 1 kwenye Billboard 200, chati ya albamu. Mbili akiwa hai: Me Against the World (1995), iliyoongoza akiwa gerezani New York, na All Eyez on Me. Tatu baada ya kifo: Makaveli, Until the End of Time (2001) na Loyal to the Game (2004). Mimi sikubali kuziweka hizi tatu kapu moja.

Makaveli aliirekodi mwenyewe Agosti 1996 kwa siku chache, na jina la albamu linatokana na hilo. Biti alizisikia, mpangilio ni wa wakati wake. Hiyo ni albamu yake. R U Still Down? ya 1997, iliyotolewa na mama yake, Afeni Shakur, kupitia lebo ya Amaru, ni kanda za kabla ya Death Row. Sauti ni yake ya miaka hiyo, lakini uamuzi wa nini kitoke si wake. Hii nayo ni diski mbili. Loyal to the Game ni kitu kingine kabisa. Eminem alichukua vokali za zamani akaziwekea biti zake, akabadili kasi ya sauti mahali pengine, na kukatakata maneno hadi marehemu akasikika akitaja G-Unit, kundi ambalo hakulijua. Kuiandika namba 1 hiyo kwenye safu moja na Me Against the World ni kumsingizia marehemu. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu kazi aliyoimaliza mwenyewe ilitosha kumpa heshima.

Bintimvita

Hapo kwa Loyal to the Game niko nawe, mzee wangu. Lakini chati hazipimi nani alichanganya sauti. Zinapima watu wamenunua nini, na walionunua 2004 walinunua jina la 2Pac. Weka alama pembeni, usifute namba.

Msoma Chati

Wote mmekaa kwenye albamu. Mahali ambapo historia yake imeharibika hasa ni Hot 100, chati ya Billboard ya nyimbo moja moja, na huko kanuni ilimnyima badala ya kumwongezea.

Hadi mwanzoni mwa Desemba 1998, wimbo haukuruhusiwa kuingia Hot 100 kama lebo haikuutoa kama singo ya kuuzwa dukani. Upigwe redioni usiku na mchana, bila singo hakuna namba. Lebo nyingi zilizuia singo makusudi ili mtu anayetaka wimbo mmoja alazimike kununua CD nzima. I Ain't Mad at Cha na 2 of Amerikaz Most Wanted hazikutolewa kama singo za dukani Marekani, kwa hiyo hazimo. Kijana wa leo anafungua orodha, hazioni, anahitimisha kwamba hazikupendwa.

California Love yenyewe ilikuwa inavuma redioni tangu mapema 1996, lakini ilifika namba 1 Julai, ikiwa upande wa pili wa singo ya How Do U Want It. Ndiyo namba 1 yake pekee kwenye Hot 100, wiki mbili, na imeandikwa kwa nyimbo mbili kwa pamoja. Changes ilitoka wakati kanuni inabadilika na ikaishia namba 32 Marekani, wakati Uingereza ilifika namba 3. Dear Mama ya 1995, iliyokuwa na singo, ilifika namba 9.

Kuna jambo jingine dogo linalowasumbua wanaojumlisha strimu. California Love iliyomo ndani ya All Eyez on Me ni rimiksi. Ile ya kwanza ya Dr. Dre, inayochezwa kila mahali, iko kwenye Greatest Hits. Usizipeleke strimu zake kwenye albamu ya 1996.

Na Greatest Hits nayo ina pengo lake. Albamu za zamani zilikuwa zikiondolewa Billboard 200 na kupelekwa chati ya kazi za kale hadi Desemba 2009, zilipoanza kuchanganywa tena. Ukihesabu wiki zake kwenye chati kuu, miaka kadhaa haimo, na si kwa sababu watu waliacha kununua.

Kijana wa Ubungo

Wakuu, na zile kanda zilizorudufiwa Kariakoo na River Road zimehesabiwa wapi?

Santuri

Hazipo popote, mdogo wangu. RIAA inahesabu soko la Marekani tu, na nakala halali tu. Afrika Mashariki yote ya miaka ya 1990, ambako 2Pac alichorwa kwenye daladala na matatu, haimo ndani ya milioni 10 wala milioni 5. Ghetto Gospel iliyoongoza Uingereza 2005, yenye sauti ya Elton John, nayo haiongezi kitu kwenye cheti cha Marekani. Kwa hiyo anayesema "duniani" akitumia cheti cha RIAA, mkatalie hapohapo.

Mleta mada

Napendekeza mstari huu kwa yeyote anayetunza orodha: "All Eyez on Me, RIAA platinamu mara 10 (2014, diski mbili, seti milioni 5, bila strimu)". Kwa Makaveli: "platinamu mara 4 (1999, diski moja)". Kwa Loyal to the Game: "namba 1, 2004, vokali za zamani, biti mpya za Eminem".

Bintimvita

Cheti kwanza, seti ndani ya mabano, hilo nakubali. Lakini uweke mabano hayohayo kwa Biggie, kwa OutKast na kwa The Wall. Ukiyaacha huko, nayafuta na kwa 2Pac.