Lita za mfugaji zinajirudia kila simu ikipata mtandao

kipima_maziwa:
Wakuu habari za leo. Naomba msaada, jambo hili linaninyima usingizi.

Nimetengeneza programu ya Android ya kituo cha kukusanya maziwa huku milimani Lushoto. Karani anapima kuanzia saa 12 asubuhi, anaingiza namba ya mfugaji na lita, data inakaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu. Kituoni mtandao haushiki. Akishuka barabarani ndipo simu inatuma kwenye seva, ambako natumia hifadhidata ya PostgreSQL.

Jana mama mmoja alileta lita 7, seva ikaonyesha 14. Nimefuatilia: simu ilituma, seva ikahifadhi, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Simu ikaona bado, ikatuma tena. Nikajaribu kuzuia rekodi zinazofanana mfugaji, tarehe na lita, nikaharibu zaidi, maana wapo wanaoleta asubuhi na jioni kiasi kilekile. Hao wakapunjwa. Hela hii ndiyo ada ya watoto wao. Nifanyeje?

mzee_wa_seva:
Pole mkuu. Bila shaka namba ya rekodi inatolewa na seva. Acha simu yenyewe iunde UUID, yaani namba ndefu ya kipekee, pale karani anapobonyeza hifadhi, iwe ufunguo mkuu wa kuitambulisha rekodi pande zote mbili. Ikitumwa hata mara kumi ni UUID ileile. Kwenye seva tumia INSERT na ON CONFLICT DO NOTHING, yaani weka rekodi, ila kama UUID hiyo ipo tayari usifanye kitu, halafu jibu "imepokelewa" hata kama rekodi ilishakuwepo. Ukirudisha kosa, simu itaendelea kutuma bila kukoma.

binti_data:
Naongezea: usipange mabadiliko kwa saa ya simu. Simu ya karani ikirudi nyuma siku moja, marekebisho mapya yataonekana ya zamani na kufutwa na yale mabovu. Kwa lita za watu mimi nisingebadilisha rekodi kabisa. Karani akikosea, aandike rekodi mpya ya kutoa 7 na nyingine ya kuweka 6, zote zikitaja UUID ya ile ya kwanza. Mfugaji akilalamika, unamwonyesha nani alibadilisha nini.

Na usifute mstari, weka alama ya kufutwa. Simu iliyokuwa nje ya mtandao wiki nzima haiwezi kujua kitu kimeondoka kama hakuna kilichobaki cha kuiambia.

kipima_maziwa:
Asanteni sana. Nimeweka UUID jana usiku. Leo nimetuma rekodi 41, nikazima data katikati mara tatu makusudi. Seva ina 41.

Swali dogo: zile za zamani zilizokwisha kujirudia?

mzee_wa_seva:
Hizo usizisafishe kwa msimbo. Si karani ana daftari la karatasi?

kipima_maziwa:
Analo. Kesho napanda kituoni, tutakaa naye mstari kwa mstari kabla ya malipo.