Wageni thelathini siku ya Idd: nipike nini, na nianze lini?

Mkaza Mwana wa Chumbageni:
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu mapishi ya Idd el-Fitr. Mama mkwe wangu, ambaye miaka yote ndiye aliyewalisha wageni wa Idd hapa nyumbani kwetu Tanga, mwaka huu amesema magoti yamemkatalia, na jiko amenikabidhi mimi. Wageni hufikia thelathini. Wengine huingia moja kwa moja wakitoka kuswali, na jamaa za mume wangu huteremka kutoka Lushoto wakafika mchana na njaa ya safari.

Nimekusudia asubuhi iwe chai ya maziwa, mahamri, mbaazi za nazi, sambusa, kaimati, vileja na tambi. Mchana biriani ya mbuzi, wali wa nazi, samaki wa kupaka na kuku wa kukaanga. Nina jiko la gesi la plate mbili na jiko moja kubwa la mkaa. Kinachonitia hofu zaidi ni mwezi: Ramadhani yaweza kuisha kwa siku 29 au 30, nami sitajua mpaka usiku wenyewe. Mwaka jana tulianza kila kitu baada ya mwezi kutangazwa, tukakesha, na Idd ikanikuta ndani ya kanga inayonuka vitunguu.

Bi Shughuli, Makorora:
Waaleikum salaam, mwanangu. Orodha yako ni ya wapishi wanne. Mchana ondoa wali wa nazi na kuku. Mgeni aliyekula biriani hautazami wali mwingine, na tui kwa joto la hapa kwetu halingoji, litachacha sahani zikiwa bado zinaoshwa. Samaki mwache kama una mtu wa kumsimamia kwenye mkaa, vinginevyo naye aondoke.

Kuhusu mwezi, usiungoje kwa kazi zisizouhitaji. Vileja vioke wiki moja kabla, uvitie kwenye bati lenye kifuniko kinachobana. Sambusa zifunge mapema uzigandishe kwenye friza, na siku yenyewe uzitie kwenye mafuta zikiwa na barafu yake, kwa moto wa wastani, maana ukizingoja ziyeyuke manda hulowa na kupasuka. Vitunguu vya biriani navyo vikaange siku mbili tatu kabla. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu, kabla havijawa kahawia, kwa sababu huendelea kuiva nje ya mafuta. Vitandaze kwenye karatasi, na vikishapoa ukivishika vilie kama majani makavu. Hapo ndipo vitiwe kwenye kopo.

Ila mimi ningepika pilau. Ni sufuria moja, na mchuzi wake umo ndani yake.

Msafiri wa Pangani:
Shikamoo, Bi Shughuli. Kwa heshima zote, hapo kwenye pilau ninapingana nawe. Pilau lazima ipikwe siku ileile kuanzia nyama hadi mchele, lakini rosti ya biriani ikilala hukolea zaidi. Dada aipike siku ya 29 mchana. Mwezi ukiandama, asubuhi atachemsha wali tu. Usipoandama, rosti itamngoja kwenye friji siku moja zaidi bila kuharibika.

Bi Shughuli, Makorora:
Marahaba, mwanangu. Hoja yako ninaikubali, lakini kwa sharti. Rosti isilale katika sufuria kubwa, kwani katikati hubaki na uvuguvugu usiku kucha na ndipo inapochachia. Igawe kwenye vyombo vidogo vya kina kifupi, ipoe upesi, iingie kwenye friji. Umeme ukikatika usiku, iangalie kabla ya yote, na asubuhi ichemke hasa. Kuipasha juujuu hakutoshi. Tena kama mbuzi umemlainisha kwa papai bichi, usimlaze nalo, maana utaamka ukute nyama imekuwa uji.

Baba Sukari:
Ombi dogo kwa niaba ya sisi wenye kisukari: juisi ya ukwaju isitiwe sukari jagi zima. Wekeni bakuli la sukari pembeni. Kila Idd mimi huishia kunywa maji.

Mkaza Mwana wa Chumbageni:
Ninawashukuru sana. Biriani inabaki, wali wa nazi na kuku wameondoka, na ukwaju wa Baba Sukari utatengwa. Samaki bado ninasitasita, kwa kuwa baba mkwe humwulizia. Nimebakiwa na maswali mawili: kwa watu thelathini nitie mchele kilo ngapi, na kaimati nizikande saa ngapi?

Bi Shughuli, Makorora:
Samaki mpikie baba mkwe mmoja, peke yake, na wengine wasimwone. Mchele kilo tano zitatosha na watoto wakarudia. Mbuzi zisipungue kilo tano pia, kwa kuwa mifupa nayo imo kwenye mizani. Unga wa kaimati uchanganye baada ya sala ya alfajiri, uumuke wanaume wakiwa wamekwenda kuswali, na ukaange wanaporudi, kwani kaimati za tangu jana hunywa shira zikalegea. Na kama sufuria ya kilo tano huna, iazime leo, maana usiku wa mwezi kila nyumba inaitafuta.