Ninaomba ushauri kabla ya Jumamosi: «desert» na «dessert» hutamkwaje?

Mkaaji wa Kadutu: Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Kifaransa kilitufundisha kwamba «s» moja kati ya vokali hutamkwa «z», na zikiwa mbili hubaki «s». Nimekuwa nikiifuata kanuni hiyo katika Kiingereza pia, kwa «desert», yaani jangwa, na «dessert», yaani kitamutamu cha baada ya mlo, lakini mtu mmoja amenipinga mbele ya watu. Nani kati yetu ana haki?

Mama Biashara: Hayo ni madogo, mwanangu. Mimi nilipofika Kampala niliuliza ilipo «library», nikidhani ni «librairie» yetu, duka la vitabu. Nilielekezwa maktaba, nikaanza kupatana bei ya kamusi, na binti wa mapokezi akanitazama kama mtu anayetaka kununua benchi la kanisa.

Mzee wa Ibanda: Vijana mnakimbilia Kiingereza ilhali Kifaransa chenu bado kinachechemea.

Msomaji wa Goma: Mzee wetu, kwa heshima, turudi kwenye swali. Maneno yote mawili yana sauti «z». Kinachoyatenganisha ni mkazo, ambao katika jangwa huangukia silabi ya kwanza na katika kitamutamu silabi ya pili. Kinachotuponza ni kwamba mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wa Kifaransa mwishoni, ilhali wa Kiingereza huhamahama. Tena «desert» ya askari anayetoroka jeshi, ingawa huandikwa kama jangwa, hutamkwa sawasawa na kitamutamu. Lakini ndugu, kwa nini kabla ya Jumamosi?

Mkaaji wa Kadutu: Nimefungua darasa la jioni. Aliyenipinga ni mwanafunzi wangu, aliyekulia Uganda, na Jumamosi tunakutana tena. Ada nimekwisha kuipokea, na karatasi zenye kanuni yangu nimekwisha kuzigawa, kwa hiyo ninafikiria kuwaeleza kwamba hayo ni matamshi ya Kimarekani. Sioni ubaya, kwa sababu hakuna mwalimu anayejua kila kitu.

Mtani wa Nguba: Wamarekani wamesingiziwa mengi, mwalimu, ila hili la kitamutamu ni jipya.

Mpita Njia: Mimi siamini hadithi hii. Mtu aliyekula ada za watu hawezi kujianika hadharani namna hii. Huyu ndiye yule mwanafunzi mwenyewe, anayetafuta ushahidi wa kumwaibisha mwalimu wake.

Mkaaji wa Kadutu: Ningekuwa mwanafunzi, ningedai fedha zangu, nisingeomba ushauri.

Msomaji wa Goma: Basi tuandikie matamshi ya «though», «through» na «tough».

Mkaaji wa Kadutu: La kwanza ni «dho», kwa «dh» ya dhahabu, la pili ni «thru», kwa «th» ya thelathini, la tatu ni «taf».

Msomaji wa Goma: Ni sahihi. Hiyo «gh» zamani ilikuwa sauti ya kooni, ikaja kupotea katika baadhi ya maneno na kugeuka «f» katika mengine. William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, matamshi yalikuwa bado yanabadilika, lakini maandishi yakaanza kuganda.

Mkaaji wa Kadutu: Asante sana. Jumamosi nitaanza na hayo, na jangwa litasubiri juma lijalo.

Mpita Njia: Naye atakuuliza «cough».